Chumba cha Jua

Inspekta Mourine Khavere hakuwa na desturi ya kumhoji mtu mwenye njaa. Mwenye njaa, aliamini, hukubali lolote ili mazungumzo yaishe. Ndiyo maana Alhamisi ile asubuhi, kabla hajafungua faili, alimtuma Konstebo Muse alete chai ya maziwa na mandazi kutoka kibanda cha nje ya kituo. Akamwekea Wesonga mezani, kisha akaenda kusimama dirishani kana kwamba kuna kitu anatazama uani.

Wesonga alikula polepole. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa makamo, mpana wa mabega, viganja vyake vimepasukapasuka kwa saruji. Alikuwa amelala seli usiku wa tatu. Jumatatu ijayo angefikishwa mahakamani kwa mauaji ya Mzee Ndirangu, na hakuna aliyehitaji kumweleza adhabu ya mauaji ni nini. Tangu akamatwe hakuwa amepaza sauti hata mara moja. Hilo Khavere hakujua alihesabu vipi. Wapo watu wanaonyamaza kwa kuwa hawana la kusema, na wapo wanaonyamaza kwa kuwa wamekwisha kusema lote na halikusikika.

Mzee Ndirangu alikuwa mchora ramani wa serikali kabla ya kustaafu. Mke wake alikwisha kufariki, na hakuwa na mtoto. Alinunua ploti Njiru, ng'ambo ya barabara ya Kangundo, akahamia huko kwenye chumba kimoja cha mabati, na pembeni yake akaanza kujenga nyumba ya mawe ambayo hakuna jirani aliyejua ni ya nini. Jumapili ya tarehe kumi na mbili Januari, wachimba mawe waliona nguo ikielea kwenye timbo la zamani lililojaa maji ya mvua, mwendo wa dakika tatu kutoka ploti hiyo. Alikuwa ni yeye. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Daktari wa serikali alisema amekaa majini zaidi ya wiki moja, pengine tatu, na hapo akaweka kalamu chini.

"Timazi ya mzee ilifikaje kwenye mfuko wako?" Khavere aliuliza alipokwisha kuketi.

"Aliniazima, madam. Kwetu Bumula tunajenga kanisa, na ukuta mmoja umeanza kulala. Nilipomwambia akaifungua kutoka kwenye uzi wake, akasema niende nayo lakini niirudishe."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wawili tu."

Ilikuwa timazi ya shaba, ile ya kuning'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima, nzito, ya zamani, yenye herufi za jina la Ndirangu zilizochongwa ubavuni. Ndiyo iliyomtia Wesonga ndani. Aidha, wachimba mawe walisema waliwasikia wakizozana mara nyingi. Wesonga hakukana. Alieleza kwamba mzee alimbomolesha ukuta mmoja mara tatu kwa sababu ya upana wa kidole, na fundi asiyezozana na mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Lakini mzee alikuwa akimlipa kila Jumamosi, na wakimaliza kuzozana walikunywa uji kutoka sufuria moja.

Alisema aliondoka Nairobi Ijumaa, tarehe ishirini Disemba, akapanda basi la Bungoma. Alirudi tarehe mbili Januari. Akaukuta mlango wa mzee umefungwa, akadhani amekwenda Karatina kwa dada yake, basi akatafuta kibarua mtaa wa Fedha huku akimngoja.

"Kuna neno lolote alilokuambia siku unaondoka?"

Wesonga aliwaza. Akasema kuna maneno, lakini hayakuwa na maana.

"Yaseme hivyo hivyo."

"Alisema, 'Wesonga, unaniacha siku moja kabla jua halijafika mwisho. Ukirudi utalikuta liko njiani kwenda nyumbani.' Nikacheka. Nilidhani ni uzee."

Khavere aliyaandika. Hayakumwambia kitu. Lakini neno lile jua lilimrudisha Jumatatu iliyopita, alipoingia kwenye ile nyumba ya mawe kwa mara ya kwanza akiongozwa na Muturi, mpwa wa marehemu.

Muturi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Fedha, mwuzaji wa vigae na rangi, nadhifu, mwenye heshima. Ndiye aliyepiga ripoti kwamba mjomba wake haonekani, siku moja kabla ya maiti kupatikana. Ndiye pia aliyewafungulia polisi mlango wa nyumba hiyo, maana funguo zilikuwa mbili tu: moja ya mzee, iliyopatikana mfukoni mwake majini, na moja ya Muturi.

Ndani mlikuwa na chumba kirefu kimoja, kitupu. Ukuta wa mashariki ulikuwa na mwanya mwembamba uliosimama wima, upana wa kiganja, kutoka usawa wa goti hadi karibu na dari. Ukuta wa magharibi, uliotazamana na mwanya huo, ulikuwa umepigwa plasta nyeupe, laini kama karatasi, na juu ya plasta hiyo palikuwa na mistari mifupi ya penseli, imepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila mmoja na tarehe yake.

"Huyu buda, mjomba wangu, alikuwa na mambo yake, madam," Muturi alikuwa amesema. "Kila Jumamosi asubuhi jua likiingia hapo, anaweka alama pale linapogonga. Hajawahi kukosa. Sasa ona." Akaonyesha mistari miwili ya mwisho upande wa kulia: tarehe ishirini na nane Disemba, na tarehe nne Januari. "Nilirudi kutoka Karatina tarehe kumi na moja, Jumamosi. Nikaingia hapa, nikakuta hakuna alama ya siku hiyo. Hapo ndipo nilijua kuna kitu."

Ulikuwa ushahidi mzuri. Uliwaambia polisi jambo ambalo daktari hakuweza: mzee alikuwa hai asubuhi ya tarehe nne, na tarehe kumi na moja hakuwapo. Ndani ya wiki hiyo Muturi alikuwa Karatina, alikokwenda tangu tarehe ishirini na tatu Disemba, na ukoo mzima ulimwona. Wesonga alikuwa Nairobi, tena na timazi ya marehemu mfukoni. Mkubwa wa Khavere aliisoma ripoti akiwa amesimama, akasema kesi ikiiva haingojwi ioze.

Khavere alimrudisha Wesonga seli. Halafu akakaa na yale maneno ya jua, na kadiri alivyokaa nayo ndivyo yalivyokataa kuwa uzee.

Ijumaa asubuhi walikwenda Njiru, yeye na Muse. Barabara iliwatoa kwenye magorofa ya Umoja na vibanda vya Kayole ikawafikisha kwenye tambarare ya nyasi kavu na ploti zilizowekewa vigingi, hapa nyumba ya mabati, pale msingi ulioachwa, na kila upande mlio wa nyundo na tindo kutoka machimboni. Kwenye uwanda ule nyumba ya Ndirangu ilionekana kutoka mbali. Haikuwa kubwa. Lakini kuta zake zilikuwa pana chini na nyembamba juu, zikiegemea ndani kidogo kama watu wanaonong'onezana, na mlango wake ulikuwa na jiwe moja refu juu, bila pambo lolote.

Wachimba mawe wawili waliokuwa wakipita na mitarimbo waliwaamkia, kisha mmoja akauliza kama polisi wamekuja kubomoa. Khavere alipouliza kwa nini, akasema kila mtu Njiru anajua hiyo nyumba ni ya mashetani. Mwaka huo maneno ya ibada za shetani yalikuwa yamejaa magazetini na makanisani, na nyumba yenye umbo la ajabu ilitosha. Ukiuliza nani aliona nini, kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwingine. Khavere alikuwa amekwisha kupoteza Jumanne nzima akifuata uvumi huo hadi kwa mhubiri mmoja, ambaye mwishowe alikiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi hata kukaribia ukuta.

Aliyekaribia alikuwa Nzembi, mama muuza maziwa, ambaye ploti yake ilipakana na ya mzee. Aliwakaribisha kwenye kigoda, akaendelea kusuuza chupa zake huku akizungumza. Yeye hakuamini mambo ya mashetani. Alisema mzee alikuwa na ugonjwa wa kupenda majengo ya watu wa kale, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka maziwa yagande.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, mama?" Khavere aliuliza.

"Jumamosi kabla ya Krismasi. Nilimpelekea maziwa asubuhi. Siku hiyo alikuwa na furaha, akanishika mkono akaniingiza ndani nione. Akaniambia, 'Mama, limefika. Leo limefika kabisa.' Mimi niliona mwangaza tu ukutani." Akaigeuza chupa moja ikauke. "Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kanisani, na Jumatatu nikaenda Masii kwetu. Niliporudi, tarehe tano, mlango ulikuwa umefungwa. Chupa yangu ilikuwa bado dirishani kwake. Sikuielewa, maana yeye hakuwa mtu wa kukaa na chupa ya mtu."

Kwa hiyo palikuwa na mashahidi wawili waliokuwa hawajaonana, fundi na muuza maziwa, na wote wawili walimsikia mzee akisema kwamba jua linafika mahali. Khavere alimshukuru, akaomba chupa ile ibaki ilipo, kisha akaingia kwenye chumba cha mabati.

Kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta, meza ya kuchorea iliyoinama, na sanduku la bati. Polisi walikuwa wamelipekua sanduku hilo Jumatatu wakitafuta hati ya ploti, wasiipate, wakaacha vingine. Miongoni mwa vingine hivyo mlikuwa na daftari nene la hesabu. Khavere alilibeba hadi kizingitini penye mwanga, akaketi, akalifungua. Muse akachuchumaa karibu naye.

Yalikuwa majengo, ukurasa baada ya ukurasa, yamechorwa kwa mkono usiotetemeka. Piramidi za Giza na kando yake vijipiramidi vyembamba vya Meroe, vimewekwa kwenye kipimo kimoja ili mtu aone tofauti. Nguzo za mawe za Aksum, zilizochongwa madirisha yasiyofunguka. Ukuta wa mviringo wa Zimbabwe Kuu, uliopangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa, na chini yake maandishi: *Wesonga asema anaweza. Tutaona.* Muse alitabasamu.

Halafu yakaja mahekalu ya Misri, na hapo mzee alikuwa ameandika zaidi ya kuchora. Alieleza hekalu la Abu Simbel, lililochongwa ndani ya mwamba, ambamo mara mbili kwa mwaka jua la asubuhi hupita mlangoni, likavuka kumbi zote, likawafikia wenye enzi waliokaa gizani huko ndani kabisa. Alieleza Karnak, ambako mhimili wa hekalu kubwa umeelekezwa linakochomoza jua la mwisho wa Disemba. *Hawakuwa na darubini wala saa,* aliandika. *Walikuwa na ukuta, na subira.* Ukurasa uliofuata ulikuwa na mchoro wa chumba chake mwenyewe, mwanya mashariki, plasta magharibi, na mstari uliopinda wenye mishale miwili. Mshale mmoja ulielekea kulia, wa pili ulirudi kushoto.

Khavere aliusoma ukurasa huo mara mbili. Alipokuwa shule ya msingi huko Vihiga mwalimu alikuwa amewaeleza habari hizi kwa kutumia chungwa na mshumaa, naye akazikariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau siku iliyofuata. Mzee alikuwa ameziandika kwa maneno ya mtu anayezungumza na watoto. Kuanzia Juni jua huchomoza kila siku likisogea kusini, kidogo kidogo. Likisogea kusini, mwanga wake ndani ya chumba husogea kaskazini, yaani kulia kwa mtu anayeutazama ukuta. Huenda hivyo mpaka Disemba tarehe ishirini na moja au hapo karibu. Hapo jua husimama. Kisha hugeuka.

"Muse," alisema, "nipe ufunguo wa ile nyumba."

Ufunguo wa maiti ulikuwa kwenye bahasha ya vielelezo. Waliingia, na safari hii Khavere hakusimama mlangoni. Alianza kushoto kabisa, akaifuata mistari kwa vidole vyake kama anayesoma kwa kupapasa. Alama ya kwanza ilikuwa ya Agosti, nayo ilikuwa peke yake. Penye Jumamosi nyingine za mwezi huo mzee aliandika *mawingu*. Septemba hatua zilikuwa ndefu, karibu shibiri kutoka wiki hadi wiki. Novemba zikaanza kufupika, na Jumamosi mbili zikawa zimeandikwa *mvua*. Kutoka tarehe saba Disemba hadi kumi na nne kulikuwa na vidole vitatu tu. Kutoka kumi na nne hadi ishirini na moja, kidole kimoja. Mkono ule ulikuwa kama wa mtu anayepunguza mwendo akikaribia mlango.

Na kutoka ishirini na moja hadi ishirini na nane, vidole vitatu tena. Kulia. Na kutoka hapo hadi tarehe nne Januari, vidole vitatu vingine. Kulia.

Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kwa muda mrefu. Muse alimwuliza ameona nini.

"Sijui bado," Khavere alijibu. "Kesho ni Jumamosi. Tutaliuliza jua lenyewe. Mpigie Muturi, mwambie nataka anisaidie kuthibitisha zile tarehe kabla hatujapeleka faili. Saa kumi na mbili na robo awe hapa. Mweleze kwa upole."

Muturi alifika mapema, amevaa koti la ngozi, mikono mfukoni kwa baridi. Alikuwa amekuja na mkate na maziwa ya pakiti kwa ajili ya maafisa, jambo lililomwonyesha kuwa mtu wa kufikiria wengine. Khavere alimshukuru. Alimwambia kwamba mahakama itataka kuelezwa zile alama zilivyowekwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kumwona mzee akifanya kazi hiyo, aeleze tena, Muse aandike. Muturi akaeleza vile vile alivyoeleza Jumatatu, bila kuongeza wala kupunguza, akatia sahihi. Nje anga ilikuwa safi, haina wingu. Upande wa mashariki, nyuma ya mgongo wa Kilima Mbogo na tambarare yake, palikuwa pameanza kupata rangi.

Walingoja wakiwa wamesimama. Saa ya Muse ilikuwa ikikaribia saa kumi na mbili na dakika arubaini pale mwanga ulipoingia.

Haukuingia kwa kishindo. Kwanza kingo za mwanya zilipata wekundu, kisha mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu ukatokea kwenye plasta, mrefu, ulionyooka, ukawa unaanza kung'aa kama waya kwenye moto. Khavere alikuwa ameviona vitu vingi katika kazi yake, vingi vikiwa vibaya. Kwa kitambo alisahau alichokuja kufanya. Alimfikiria mzee akisimama hapo peke yake kila Jumamosi na penseli yake, na akamwelewa.

Kisha akamgeukia Muturi.

"Mwanga umegonga wapi? Nisomee tarehe iliyo karibu nao."

Muturi alisogea. Mstari wa jua ulikuwa umesimama upana wa kidole kutoka kwenye alama moja ya penseli. Aliisoma kimoyomoyo.

"Nisomee, tafadhali. Muse anaandika."

"Ishirini na tatu Novemba."

"Na leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nane Januari."

"Novemba mwanga ulikuwa hapa ukienda kulia," Khavere alisema. "Leo uko hapa hapa ukirudi kushoto. Uligeukia pale, kwenye alama ya tarehe ishirini na moja Disemba. Mjomba wako alimwambia fundi wake kwamba utageuka, akamwambia na mama wa maziwa siku yenyewe ulipofika. Ameandika na kuchora kwenye daftari lake. Sasa hizi mbili, ya tarehe ishirini na nane na ya tarehe nne, ziko kulia zaidi. Jua halijawahi kufika hapo, Muturi. Si mwaka huu, si mwaka wowote."

Muturi aliutazama ukuta. "Labda mzee alikosea. Alikuwa ameanza kuzeeka."

"Aliyeandika *mawingu* siku ambazo hakuona kitu, hawezi kuandika alama siku ambayo hakuna kitu cha kuona."

"Basi ni Wesonga. Alikuwa akiingia humu kila siku."

"Nililifikiria hilo jana," Khavere alisema. Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Bila hizi alama mbili, mzee alionekana mara ya mwisho tarehe ishirini na moja Disemba. Wesonga wakati huo alikuwa Bumula, polisi wa huko wameuliza kanisani wakathibitisha. Kwa alama hizi, mzee amekufa Januari, Wesonga akiwa Nairobi. Mtu hujitungia uongo wa kujitoa kwenye kitanzi. Hajitungii wa kujitia. Na wewe ulikuwa hapa Nairobi mpaka tarehe ishirini na tatu. Mlango huu haukuvunjwa. Ufunguo mmoja ulikuwa majini."

Mwanga ulikuwa umepanuka, sasa ulikuwa mkanda mzima, na mavumbi yalielea ndani yake. Muturi alitoa mikono mfukoni, akaitazama, kisha akajikuta hana mahali pa kuiweka. Akaketi juu ya jiwe lililokuwa limebaki pembeni. Khavere alimwambia kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakaloamua kusema litaandikwa. Halafu akangoja. Alijua kungoja kuliko alivyojua kuuliza.

Muturi alisema kwa muda mrefu, bila mpango, akianza katikati. Ploti ilikuwa imenunuliwa kwa kampuni ya wanahisa, na mzee alikuwa amemtuma yeye ofisini miaka miwili iliyopita kushughulikia hati. Hati ilipotoka ilikuwa na jina lake, Muturi. Aliifanya hivyo, alisema, kwa sababu mzee hana mtoto na mwishowe ingekuwa yake tu. Kisha akampata mtu aliyetaka kujenga magorofa, akamwuzia. Mnunuzi alitaka nyumba hii ibomolewe mwaka ukianza. Jumapili ya tarehe ishirini na mbili alikuja kumwambia mjomba wake. Alimkuta anakwenda timboni kuchagua jiwe la kuketia, la watoto wa shule atakaowaalika waje waone jua. Wakatembea pamoja hadi ukingoni.

"Sikutaka," Muturi alisema. "Alinishika koti. Aliniambia niichane hati mbele yake. Nikamsukuma anitoke. Akagonga kichwa pale chini, akaingia ndani ya maji. Nilidhani atatoka."

"Ulingoja?"

"Hapana."

Alisema wazo la alama lilimjia Karatina, wakati wa sala ya mwaka mpya, kila mtu akiwa amefumba macho. Alirudi tarehe kumi na moja, akaingia alfajiri na penseli ya mzee. Aliiga maandishi yake kwa uangalifu. Alipima hata nafasi. Hakujua kwamba jua hurudi. Hakuwahi kusimama hadi mwisho mjomba wake alipokuwa akieleza.

Muse alimaliza kuandika, akamsomea. Muturi akatia sahihi ya pili asubuhi ile, iliyokuwa ndogo kuliko ya kwanza. Khavere aliipiga picha plasta yote kutoka mwanzo hadi mwisho kabla mwanga haujatoka, akafunga mlango kwa lakiri. Nzembi alikuwa amesimama kwenye ua wake na ndoo mkononi. Aliwaona wakimpeleka Muturi kwenye Land Rover, akaiweka ndoo chini.

Ilipofika saa sita mchana mkubwa wa kituo alikuwa amesoma maelezo yote mawili. Aliyasoma akiwa ameketi safari hii. Aliuliza kama mahakama itakubali ushahidi wa jua. Khavere akamjibu kwamba mahakama ikiwa na shaka, ingoje Disemba iende ikatazame. Mkubwa alikohoa, akatia sahihi karatasi ya kumwachilia Wesonga.

Wesonga alitolewa bila mkanda na bila viatu. Muse akamrudishia vyote, pamoja na mfuko wake wa zana. Timazi haikuwamo, Khavere alimweleza kwamba itabaki kama kielelezo hadi kesi iishe. Alimweleza na mengine pia, kwa ufupi, kwa kuwa alistahili kuyasikia kutoka kwake kabla hajayasikia barabarani: nani alifanya nini, na lini, na jinsi ilivyojulikana. Alimwomba radhi kwa zile siku za seli. Si jambo alilozoea kulifanya, na maneno yalitoka makavu.

Wesonga alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Alifunga kimoja, akaacha cha pili.

"Mzee yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Mochari ya jiji. Dada yake anakuja Jumatatu kumchukua."

"Wanaruhusu mtu kumwona, mtu ambaye si wa ukoo?"

"Nikikuandikia barua, watakuruhusu."

Alitikisa kichwa kukubali. Khavere akaketi mezani kuiandika barua hiyo, na alipoinua macho kumwuliza jina lake lote, aliona kwamba yule mtu ambaye kwa siku tano hakuwa amepaza sauti, alikuwa amefunika uso kwa viganja vyake vipana na mabega yanamtetemeka.

"Samahani, madam," alisema kupitia vidole. "Tangu mnikamate nimekuwa nikijibu maswali. Sijapata nafasi ya kumlilia."

Khavere alimwashiria Muse afunge mlango. Kisha akaendelea kuandika, polepole kuliko ilivyohitajika.